Klachi inateleza baada ya kebo kukazwa: pa kuanzia ukiwa nyumbani

Msomaji wa Kisauni, Mombasa, anayebeba abiria kwa pikipiki ya Boxer ya cc 150, anauliza hivi kwa ufupi: "Gia ya kwanza ilikuwa ikiingia kwa kishindo, na nikisimama kwenye foleni ya feri nyutro haipatikani. Fundi wa hapa steji akanikazia kebo ya klachi. Siku mbili gia zikawa laini. Sasa nikitoka ferini na abiria, nikianza kuupanda ule mwinuko wa Likoni, injini inalia lakini pikipiki haiendi. Naambiwa pleti zimekwisha. Naweza kuangalia mwenyewe nyumbani kabla sijatoa pesa?"

Unaweza, tena bila kufungua injini. Na pleti, zile sahani za klachi zilizo ndani ya injini, usinunue bado.

Ulichoeleza ni maradhi mawili yanayopingana, na la pili limeletwa na dawa ya la kwanza. Gia kuingia kwa kishindo na nyutro kujificha ni klachi isiyoachia: umevuta leva, lakini ndani pleti bado zinagusana. Injini kulia bila pikipiki kwenda ni klachi isiyoshika: umeachia leva, lakini pleti hazijabanana sawasawa. Kebo iliyolegea mno huleta lile la kwanza, iliyovutwa mno huleta la pili. Katikati pana nafasi ndogo ya milimita chache, mafundi huiita mchezo wa klachi, na kazi nzima ya kurekebisha kebo ni kuipata nafasi hiyo.

Hili neno "kukaza klachi" ndilo linalopotosha wengi. Mtu akilisikia hudhani kebo ikivutwa zaidi klachi itashika zaidi, kama breki ya nyuma. Sivyo kabisa. Pleti hubanwa na springi zilizo ndani ya injini. Kebo haina nguvu ya kuzibana hata chembe. Kazi ya kebo ni kuzitenganisha tu. Ukiivuta zaidi, unazidi kuzitenganisha.

Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinazofanya kazi ya boda zina klachi ya kuogelea kwenye oili. Pleti zenye gamba la msuguano hupangwa kwa zamu na pleti za chuma tupu, moja juu ya nyingine kama chapati kwenye sahani, na springi, mara nyingi nne, huzikandamiza zishikane. Ukivuta leva, waya wa kebo hulivuta kono dogo la chuma lililo nje ya injini. Kono huzungusha shafti fupi, shafti husukuma bamba la kubania, springi hujikunja na pleti huachana. Sasa chukua waya uliokazwa kiasi kwamba hata ukiachia leva bado kono limevutwa kidogo. Hapo ni sawa na kutembea siku nzima vidole viwili vimelalia leva. Barabara tambarare hutatambua. Weka abiria na gunia la viazi, panda mwinuko, na springi zilizopunguziwa nguvu zitashindwa: pleti zateleza, zapata moto, gamba laungua. Kuteleza kwa siku mbili tatu huzichosha pleti. Kwa wiki kadhaa huziua. Kwa hiyo usibebe mtu mpaka umalize kazi hii.

Kabla ya spana

Fanya asubuhi, injini ikiwa baridi, maana vipimo hubadilika pleti zikipata joto. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, mahali pa saruji au ardhi ngumu, gia iwe nyutro, swichi imezimwa. Utahitaji spana mbili, kwa kawaida za nambari 10 au 12 (jaribu ipi inakaa sawa kwenye nati za chini, ikicheza usiitumie, itakula pembe za nati), plaisi, kitambaa, tochi ya simu, na rula ya mtoto wa shule. Weka kando grisi kidogo na oili nyepesi.

Kwanza macho. Rudisha nyuma kofia ya mpira iliyo kwenye leva, vuta leva, mulika tochi pale waya unapoingia kwenye leva. Utaona kichwa cha kebo, kipande cha mviringo mfano wa punje ya mahindi, kimekaa kwenye tundu lake. Tazama waya pale unapotokea kwenye kichwa hicho. Ukiona hata uzi mmoja umesimama nje kama mwiba wa samaki, kazi ya kurekebisha imekwisha kabla ya kuanza: kebo hiyo ni ya kubadilishwa. Uzi ukikatika mmoja, mzigo huhamia kwa waliobaki, nao hufuatana upesi. Waya hulegea kila uzi mmoja unapoachia, na wewe utakuwa unarekebisha kila asubuhi ukidhani ajasta, ile bolti ya kurekebishia, ndiyo mbovu.

Halafu fuata ganda la kebo kwa mkono, kuanzia leva hadi lilipoishia kwenye injini. Unatafuta pale lilipochubuka hadi chuma kikaonekana, lilipoungua kwa kugusa ekzosi, au lilipobanwa. Waendesha boda wana kosa lao hapa: mwavuli wa kukinga jua, kishikio cha simu na taa za ziada hufungwa kwenye usukani pamoja na kebo, plastiki ya kufungia ikavutwa kwa nguvu zote. Kebo iliyobanwa hivyo haitelezi ndani ya ganda. Kata hiyo plastiki. Kebo inatakiwa kupita kwenye vishikizi vyake tu, bila kukunjwa kwa pembe kali.

Ukifika chini, lisukume kono la injini kwa kidole kisha liachie. Lina springi yake ya kulirudisha. Ikiwa springi hiyo imekatika au imeshikwa na kutu, kono halirudi, na leva itakuonyesha mchezo wa uongo: itaonekana imelegea, ilhali ndani klachi bado imeguswa. Ukirekebisha kebo kwa kufuata mchezo huo, umejidanganya.

Mwisho, bolti ya leva yenyewe. Shika leva kwenye ncha uitikise juu na chini. Ikicheza sana, tundu lake limelika na likawa yai. Hapo sehemu ya mvuto wako inapotea bure kabla haijaufikia waya. Leva mpya na bolti yake si ghali, na mara nyingi ndiyo inayorudisha nyutro iliyokuwa haipatikani.

Kupima

Mchezo hupimwa mahali pawili. Kwenye ncha ya leva, pale penye kijiduara, sogeza leva kwa kidole kimoja taratibu mpaka uhisi inaanza kuwa nzito. Umbali uliosogea ndio mchezo. Kwa pikipiki nyingi za ukubwa huu ni milimita 10 hadi 20. Mahali pa pili ni shingoni, kati ya leva na kishikilio chake cha alumini: leva ikianza tu kuwa nzito, upenyo hapo uwe milimita 2 hadi 3. Ukikosa rula, njiti ya kiberiti ina unene wa karibu milimita 2. Iingie kwenye upenyo bila kusukumwa. Isipoingia, kebo imekaza. Zikiingia mbili pamoja kwa raha, imelegea. Kitabu cha pikipiki yako kikitaja kipimo kingine, fuata kitabu.

Kwako wewe natarajia njiti haitaingia kabisa.

Usisahau kuzungusha usukani. Pima ukiwa katikati, kisha ukate kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho. Mchezo ukipungua upande mmoja, kebo imepitishwa vibaya au ni fupi. Ukiiacha hivyo, siku utakayokata kona kali kwenye foleni klachi itajivuta yenyewe.

Kurekebisha

Kuna sehemu mbili za kurekebishia. Ya juu iko kwenye leva: bolti yenye tundu katikati, waya unapita ndani yake, na nati ya duara yenye meno ya kushikia vidole. Ya chini iko karibu na injini: mwisho wa ganda la kebo una nyuzi za bolti, umepita kwenye kibao cha chuma, na nati mbili zimekibana kibao hicho huku na huku. Ile ya juu ni ya marekebisho madogo ya siku hadi siku, ya chini ni ya marekebisho makubwa. Mafundi wenye haraka hutumia ya juu peke yake kwa sababu haihitaji spana. Wakiendelea hivyo, bolti huchomoza nje mpaka imebaki nyuzi mbili tatu ndani ya alumini, na siku moja nyuzi hizo hukatika ukiwa katikati ya Daraja la Nyali. Tazama yako leo imetoka kiasi gani.

Anza juu. Legeza nati ya duara kwa vidole. Ikiwa imeganda kwa chumvi, weka tone la oili, ngoja dakika kumi, kisha ishike kwa plaisi ukiwa umeikinga na kitambaa. Ingiza bolti yote ndani mpaka ikome, halafu itoe mizunguko miwili. Hiyo mizunguko miwili ni akiba yako: utaweza kulegeza kidogo au kuvuta kidogo ukiwa barabarani. Usiifunge nati bado.

Shuka chini. Shika nati moja kwa spana hii na ya pili kwa spana nyingine, uzilegeze zote mbili. Sasa unaweza kulisogeza ganda mbele au nyuma kwenye kibao. Kumbuka hivi: ganda likisogezwa kwenda mbali na kono la injini, waya unakazika na mchezo unapungua. Likisogezwa kuelekea kwenye kono, waya unalegea na mchezo unaongezeka. Wewe unataka kulegeza, basi lisogeze kuelekea kwenye kono, nusu mzunguko wa nati kwa kila hatua, kisha urudi juu upime. Nusu mzunguko unaonekana mdogo, lakini ncha ya leva huukuza. Ukifikia takriban milimita 15 kwenye ncha, bana nati mbili za chini zikishika kibao katikati yao. Zibane kwa nguvu ya kiganja, si ya bega, kwa kuwa nyuzi za mwisho wa ganda ni nyembamba na zikikatika kebo nzima ni ya kutupwa.

Pima tena baada ya kubana. Karibu kila mara kipimo husogea kidogo nati inapokaza. Tofauti hiyo imalizie juu: ukiitoa bolti kuja nje mchezo unapungua, ukiirudisha ndani unaongezeka. Kisha funga nati ya duara kwa vidole tu.

Kuna mfereji mdogo uliokatwa kwenye bolti ya juu, kwenye nati yake na kwenye kishikilio cha leva. Ni njia ya kuutolea waya. Ukimaliza, hakikisha mifereji hiyo haijapangana mstari mmoja. Ikipangana, waya unaweza kuchomoka wenyewe leva ikilegea, na mvua ikinyesha maji yana mlango wa moja kwa moja kuingia ndani ya kebo. Zungusha robo tu, kisha rudisha kofia ya mpira. Hiyo kofia wengi huitupa, na kwa hapa Mombasa ndiyo kosa kubwa kuliko yote yaliyotajwa hapo juu.

Kujaribu

Jaribio la kwanza bila injini. Ishushe pikipiki kutoka kwenye stendi, tia gia ya kwanza, usivute leva, isukume: isitembee. Vuta leva mpaka mwisho, isukume: itembee, ikiwa nzito kidogo kwa sababu oili baridi huzinatisha pleti. Usishtuke kwa uzito huo.

La pili, stendi kubwa, gurudumu la nyuma liko hewani, injini imewaka, mikono na nguo mbali na gurudumu na cheni. Vuta leva, tia gia ya kwanza. Gurudumu linaweza kuzunguka polepole, hasa injini ikiwa baridi. Likanyagie breki kidogo. Likisimama na injini ikaendelea kunguruma bila kuzimika, klachi inaachia. Likipigana na breki mpaka injini ikataka kuzima, bado imelegea mno au kuna kitu kingine.

La tatu barabarani, bila abiria, asubuhi magari yakiwa machache. Injini ikiwa imepata joto, tembea gia ya tatu au ya nne karibu kilomita 40 kwa saa, kisha fungua mafuta yote kwa mara moja. Sauti na mwendo vinatakiwa kupanda pamoja. Sauti ikiruka juu na mwendo ukabaki nyuma, klachi inateleza.

Hapa pana hila itakayokuokoa pesa. Ikiwa bado inateleza, ongeza mchezo makusudi mpaka milimita 30 kwenye ncha, ujaribu tena. Gia zitakuwa ngumu kidogo, si neno, ni jaribio la dakika tano. Kukiwa na ulegevu wote huo, kebo haiwezi kuwa inaigusa klachi. Ikiteleza hata hivyo, kebo haina hatia; lawama ni ya oili, springi au pleti. Ikiacha kuteleza, pleti zako zi hai, irudishe kwenye milimita 15 uendelee na kazi.

Mchezo unaobadilika wenyewe

Ukishaweka vizuri, usiache. Pima kila wiki, kwa njiti tu, na ukumbuke mchezo unaelekea wapi. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawaambiwi.

Mchezo ukiongezeka wenyewe, kebo inarefuka au inaachia nyuzi. Kebo mpya hurefuka kidogo siku za mwanzo ganda likijikaza mahali pake, hiyo ni kawaida. Rekebisha mara moja au mbili na itatulia. Ya zamani ikianza kuongezeka upesi, rudi kwenye tochi.

Mchezo ukipungua wenyewe, bila mtu kugusa, pleti zinakonda. Pleti zikikonda bamba la kubania husogea kuelekea upande wa shafti, na ile nafasi ya wazi inaliwa. Kwa hiyo dereva aliyeweka milimita 15 mwezi uliopita, leo akakuta 5, hajaharibiwa na kebo. Klachi inampa habari mapema. Ukiongeza mchezo inaendelea kufanya kazi, lakini anza kuweka akiba ya seti ya pleti. Na ikiwa umeshatumia nafasi yote juu na chini, usikubali fundi alichomoe kono la injini kwenye meno ya shafti na kulirudisha jino moja nyuma "ili lipate nafasi". Hapo anaficha dalili.

Kebo katika hewa ya pwani

Kebo ya klachi hapa huchakaa zaidi kwa kutu kuliko kwa kazi. Hewa ina chumvi hata ukikaa ndani Kisauni, na anayevuka feri kila siku au kuegesha karibu na ufuo hupata zaidi. Chumvi ikichanganyika na mchanga laini wa njia za Bamburi na Shanzu, ndani ya ganda panakuwa msasa. Dalili yake ni leva inayovutika kwa mikwaruzo na kurudi kwa uvivu. Dereva huhisi klachi imekuwa ngumu, akadhani ni springi.

Tia oili kila baada ya mwezi mmoja wakati wa kiangazi, na kila wiki mbili masika. Ingiza bolti ya juu yote ndani, panga mifereji ikae mstari mmoja, utoe waya kwenye leva. Chukua mfuko wa nailoni, kata pembe ndogo, ipitishe kwenye mwisho wa ganda na uifunge kwa uzi au mpira mpaka ibane. Mimina vijiko viwili vya oili nyepesi, ya cherehani au ya injini safi, na uuning'inize mfuko kwenye usukani ukiwa umesimama wima. Uvute waya juu na chini mara kwa mara. Subiri mpaka oili itokee chini kwenye injini. Mara ya kwanza itatoka nyeusi yenye kutu, endelea mpaka itoke yenye rangi yake. Ikiwa kebo imeganda inaweza kuhitaji usiku mzima. Dawa ya kopo ya kupulizia kutu inasaidia kulainisha na kusafisha, ila hukauka upesi, kwa hiyo imalizie kwa oili. Grisi usiingize ndani ya ganda: haifiki mbali, na inakusanya mchanga. Grisi ni ya bolti ya leva na ya kile kichwa cha kebo ndani ya tundu lake, maana kichwa kikikauka hakizunguki, na waya hukunjwa pale pale kila unapovuta mpaka ukatike.

Ukibadilisha kebo, funga kichwa cha mpya kwenye mwisho wa kuukuu kwa uzi imara kabla ya kuivuta nje. Itapita njia ile ile iliyowekwa na kiwanda. Linganisha urefu wa ganda na wa waya kwanza, mpya ukiilaza kando ya kuukuu ikiwa bado kwenye pikipiki. Kebo "zinazoingia" pikipiki yako zikiwa na tofauti ya sentimita mbili si zako. Wengine huipitisha kebo ya akiba kando ya ile ya kazini, ncha zimefunikwa kwa mpira, ili ikikatika njiani ni kubadilisha vichwa tu. Kwa mtu wa boda naliunga mkono jambo hilo.

Ikiwa si kebo

Nianze na kile kishindo chako cha mwanzo, kwa sababu huenda hakikuwa ugonjwa. Pikipiki ikilala usiku kucha, oili hunatisha pleti, na gia ya kwanza asubuhi hugonga hata kwenye klachi nzima. Kabla ya kuwasha, vuta leva na upige kiki mara tatu nne ukiwa umeishikilia, au tia gia, vuta leva, usukume pikipiki mbele na nyuma. Pleti zitaachana. Kishindo kikiendelea mchana injini ikiwa moto, hapo ndipo kebo au ndani ya klachi pachunguzwe.

Baada ya kebo mshukiwa wa pili ni oili. Klachi inaogelea humo, kwa hiyo oili ya gari ya petroli yenye viungo vya kupunguza msuguano inaweza kuzitelezesha pleti zilizo nzima kabisa. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2 nyuma. Hicho ni kipimo cha Japani cha oili za pikipiki zenye klachi ya namna hii. JASO MB ni ya skuta zenye klachi kavu, usiichukue. Oili ya kupimiwa kutoka kwa dumu huna njia ya kujua ni ipi. Ikiwa uliibadilisha siku chache kabla klachi haijaanza kuteleza, imwage, weka sahihi, tembea siku mbili tatu kisha urudie jaribio la gia ya tatu.

Ikiwa kebo iko sawa, mchezo uko sawa, oili ni sahihi, nayo bado inakataa kuachia ikiwa moto, fundi akifungua kifuniko aangalie bakuli la klachi, chombo ambamo pleti hukaa. Meno ya pleti hulichimba bakuli likawa na vijishimo, na pleti hunasa humo badala ya kuteleza kuachana. Hakuna kebo itakayolitibu hilo. Aziangalie pia pleti za chuma: zikiwa na rangi ya buluu ziliungua, na zikiwekwa juu ya kioo zikabembea zimepinda.

Kuhusu ule mwinuko wa Likoni: maji yakiwa yamekupwa, feri hutia nanga chini zaidi na kupanda kunakuwa kurefu. Wengi wakisubiri foleni isogee huizuia pikipiki isirudi nyuma kwa klachi nusu, mafuta yamefunguliwa kidogo. Dakika tatu za hivyo zinachoma kuliko safari ya kutwa. Shikilia kwa breki ya mguu, nyutro, na utie gia pale aliye mbele yako anapoondoka. Ukianza, achia leva yote mapema; vidole viwili vikibaki juu yake mpaka juu, umejifanyia mwenyewe kile alichokufanyia fundi.

Iwapo majaribio yataonyesha pleti kweli zimekwisha, nunua seti pamoja na springi zake, na gasketi ya kifuniko. Pleti mpya zenye gamba zilowekwe kwenye oili safi ya injini kwa saa kadhaa kabla ya kufungwa, usiku mzima ni bora; zikiwashwa kavu huungua siku ya kwanza. Na fundi akishamaliza, kipimo cha kebo ulichoweka leo hakifai tena. Pleti nene huongeza mchezo, kwa hiyo legeza nati zote, ingiza bolti ya juu, itoe mizunguko miwili, na uanze upya kutoka chini.